Kama uhai unaanza mimba inapotungwa, mbona mwanangu hakuombewa?

Nuruyangu (mwanzisha mada)

Habari zenu wote. Naomba uzi huu usigeuke uwanja wa kutukanana kidini. Baba yangu ni Mwislamu, mama yangu ni Mkatoliki, nami nimebatizwa na kufunga ndoa kanisani. Tusi la upande wowote linaniangukia mimi.

Mimba yangu iliharibika ikiwa wiki ya kumi na moja. Tulikuwa tumeshasikia mapigo ya moyo kwenye ultrasaundi, mume wangu akayarekodi kwenye simu. Hospitalini waliandika kwenye karatasi kuwa "mabaki ya mimba yameondolewa", wakaniuliza kama nina maumivu, wakaniruhusu kwenda. Hakuna aliyeniuliza ningependa yale waliyoyaita mabaki yafanyweje. Nilipopata nguvu ya kuuliza, yalikuwa yameshatupwa.

Mama akaniambia nisilie sana, maana hakikuwa mtu bado. Baba mdogo, mtu wa dini anayenipenda kama binti yake, akanieleza kwa upole kwamba hapo hapana janaza kwa sababu roho ilikuwa haijapulizwa. Nikamwendea kiongozi wa jumuiya yetu. Akasema nisali rozari, lakini ibada ya mazishi haipo kwa mimba iliyotoka.

Sasa sikilizeni. Mama yangu huyo huyo, kuna binti tunayemfahamu alipotoa mimba ya miezi miwili, alisema ameua mtu na hakutaka aingie tena nyumbani kwetu. Kiongozi huyo huyo husimama mbele yetu na kufundisha kwamba uhai unaanza pale pale mimba inapotungwa. Mimi sitetei kutoa mimba, na sijawahi kufikiria kutoa. Nataka tu mtu anieleze inakuwaje mimba ya miezi miwili ikitolewa kwa makusudi ni mtu aliyeuawa, lakini yangu, iliyokuwa kubwa zaidi, ikitoka yenyewe ni mabaki. Kama ni mtu, basi alikuwa mtu kwangu pia na alistahili kuombewa. Kama si mtu, tumemwonea yule binti kumwita muuaji. Siwezi kushika yote mawili kwa mkono mmoja.

Nipeni hoja: aya, sheria za dini, sayansi. Pole nimezipata nyingi na ninazishukuru, ila hazijanijibu.

---

Abu_Twaha

Dada, amani iwe juu yako, na Mwenyezi Mungu akupe subira. Nitajibu upande wa baba yako.

Baba yako mdogo hakukosea kwa hukumu ya sala. Msingi wake ni hadithi ya Ibn Mas'ud iliyo katika Bukhari na Muslim: mtu hukusanywa tumboni mwa mama yake siku 40 akiwa tone, kisha muda kama huo akiwa pande la damu, kisha muda kama huo akiwa pande la nyama, ndipo malaika hutumwa kumpulizia roho. Wanazuoni wengi wakajumlisha wakapata siku 120. Qurani nayo inataja hatua hizo katika sura ya 23, aya ya 12 hadi 14, na mwisho wake inasema kisha Tukamfanya kiumbe kingine. Ipo riwaya nyingine katika Muslim, ya Hudhayfa bin Asid, inayotaja malaika kuja baada ya siku 40 na kidogo. Kwa hiyo wapo wanaoweka mpaka mapema zaidi.

Lakini watu wakishasikia "roho bado", wanaruka moja kwa moja hadi "basi si kitu". Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, haikuruka hivyo. Wengi wa madhehebu ya Maliki wanakataza kuitoa mimba hata kabla ya siku 40. Miongoni mwa madhehebu ya Hanafi wapo walioruhusu kabla ya siku 120, na wengine wao wakashurutisha iwepo dharura. Imam Al-Ghazali, wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1111, alisema dhambi ya kuitoa inaanza tangu mbegu inapokaa tumboni, na inakua kadiri mimba inavyopanda hatua. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliruhusu kuitoa kabla ya siku 120 endapo madaktari waaminifu watathibitisha ulemavu mkubwa usiotibika. Baada ya siku hizo, ni pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini.

Jambo ninalotaka ulisikie zaidi ni hili. Zama za Mtume (S.A.W.) wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akamrushia mwenzake jiwe, na kilichokuwa tumboni kikafa. Mtume hakutoza dia (fidia ya damu) kamili ya mtu, na wala hakusema hakuna kilichopotea. Alihukumu fidia inayoitwa ghurra, ambayo wanazuoni waliikadiria kuwa ngamia watano, ilhali dia ya mtu kamili ni ngamia 100. Hukumu hiyo inaonyesha kuwa kati ya mtu kamili na si kitu kuna mahali, na mahali hapo pana haki zake.

Na kuna jingine ambalo wanaume wengi hawakuambii kwa sababu halisomwi mimbarani. Mimba ikitoka na umbo la mwanadamu limeshaanza kuonekana, damu anayoiona mama inahesabiwa nifasi, ile ile ya mwanamke aliyejifungua. Hasali wala hafungi mpaka itakapokatika. Na kama alikuwa ameachwa au kafiwa na mume, eda yake inaishia hapo. Yaani sheria inamhesabu mwanamke huyo kuwa amezaa, hata kama mtoto hajafikia kusaliwa. Mwulize baba mdogo akueleze hilo. Analijua.

---

Mlinzi_wa_Imani

Sioni mnazungukia nini. Zaburi 139. Yeremia 1:5. Mungu anamjua mtu kabla hajamuumba tumboni. Aliyetoa mimba ameua, ikiwa ya siku moja au ya miezi minane. Mwisho wa maneno.

---

Mkunga_Mkongwe

Mwanangu Nuruyangu, mimi ni mkunga, nimestaafu juzi juzi. Mambo ya roho nawaachia wenyewe. Niseme yale ninayoyajua kwa mikono.

Kwanza hesabu, maana hapa ndipo watu hugombana bila kujua kwamba kila mmoja anaanzia siku yake. Kliniki tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati huo mimba yenyewe bado haijatungwa. Wiki zako kumi na moja za kliniki ni kama tisa tangu yai lilipokutana na mbegu. Na siku 120 za Ustadhi, akizihesabu tangu utungisho, zinaangukia wiki ya kumi na tisa ya kadi ya kliniki, si ya kumi na saba kama wengi wanavyodhani. Hizo wiki mbili si ndogo pale mtu anapoamua jambo zito.

Pili, utungisho si sekunde moja. Mbegu kuingia kwenye yai hadi vinasaba vya baba na mama kuungana huchukua saa nyingi. Kiinitete huanza kujishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi kama siku ya sita au ya saba. Mpaka karibu siku ya kumi na nne bado kinaweza kugawanyika kikawa mapacha wanaofanana. Na sehemu kubwa ya mayai yaliyorutubishwa hupotea kabla hata mwanamke hajajua ana mimba, hedhi inakuja kama kawaida au inachelewa kidogo. Mapigo ya moyo huonekana kwenye ultrasaundi kuanzia kama wiki ya sita. Wiki ya kumi na moja kijusi kina urefu wa sentimita nne hivi, vidole vimeachana. Kuishi nje ya tumbo kunaanza kuwezekana karibu na wiki ya ishirini na nne, nako kunategemea sana vifaa vya hospitali.

Hayo yote ni uhai. Yai lenyewe lilikuwa hai, mbegu ilikuwa hai. Sayansi inakuonyesha hatua moja baada ya nyingine, lakini hakuna darubini iliyoandikwa "kuanzia hapa ni mtu". Anayekuambia sayansi imemaliza ubishi, upande wowote ule, anakuuzia imani yake kwa koti jeupe.

Tatu, lile neno "mabaki". Ni la kitabibu, tunaliandika kwa mimba yoyote iliyotoka, na halikupaswa kusemwa mbele yako namna ile. Mama ana haki ya kuulizwa. Wauguzi mnaosoma hapa, muulizeni kabla hajaingizwa chumbani: ungependa kuona? Ungependa kuchukua ukazike? Wengine watakataa, na ni sawa. Wengine watakubali, na hilo litawasaidia maisha yao yote.

Na kuhusu huyo binti. Nimepokea wanawake usiku wakivuja damu, mfuko wa uzazi umeoza kwa maambukizi, wengine wamechomwa na vitu siwezi kuvitaja hapa. Mimba ikiwa imeharibika yenyewe au imeharibiwa, dawa ni zile zile, usafishaji ni ule ule, na machozi mara nyingi ni yale yale. Utoaji wa mimba usio salama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wajawazito duniani. Niliwafundisha vijana wangu: swali la kwanza ni damu ilianza saa ngapi. Mahubiri hayazuii damu.

---

Katekista_Mstaafu

Binti yangu, pole. Kiongozi wako wa jumuiya alikuambia kitu kisicho sahihi, na nadhani alikisema kwa kutojua.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, kifungu cha 2, inasema askofu wa mahali anaweza kuruhusu mazishi ya Kikanisa kwa watoto ambao wazazi wao walikusudia kuwabatiza lakini wakafa kabla ya ubatizo. Kanuni ya 871 inaagiza kwamba kijusi kilichotoka kikiwa hai kibatizwe kadiri inavyowezekana. Na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikano ilichapisha waraka unaosema zipo sababu nzito za kutumaini kwamba watoto waliokufa bila ubatizo wanaokolewa. Wengi wetu tulifundishwa utotoni mambo ya limbo, mahali palipodhaniwa kuwa pa watoto waliokufa bila ubatizo, na hatukupata habari zaidi.

Ndugu Mlinzi, Zaburi 139 naipenda kama wewe. Lakini Yeremia 1:5 inasema Mungu alimjua nabii *kabla* hajamuumba tumboni. Ukiitumia aya hiyo kama saa ya kuhesabia mwanzo wa uhai, itakupeleka nyuma hata ya kutungwa kwa mimba. Inazungumzia ujuzi wa Mungu na wito wa nabii.

Historia yetu ina mikunjo mingi kuliko tunavyohubiri. Kutoa mimba kumelaaniwa tangu Wakristo wa mwanzo, hapo hakuna kigeugeu. Lakini kuhusu ni lini roho inaingia, Augustino alitofautisha mimba iliyoumbika na isiyoumbika, na Thoma wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba roho ya kiakili huja baadaye, mwili ukishakuwa tayari kuipokea. Papa Sixtus wa Tano mwaka 1588 aliweka adhabu kali kwa mimba ya umri wowote. Miaka mitatu tu baadaye, 1591, Gregory wa Kumi na Nne akairudisha adhabu ile kwa mimba iliyokwisha kuwa na roho tu. Tofauti hiyo ikadumu mpaka Pius wa Tisa alipoiondoa mwaka 1869. Na tamko la Vatikano la 1974 linasema wazi kwamba haliamui ni lini roho inaingia. Linasema hata kama kuna shaka, ni kosa zito kuthubutu. Walimu wangu walikuwa wakitolea mfano wa mwindaji anayeona kichaka kinatikisika: kama hana hakika ni swala au ni mtu, hana ruhusa ya kupiga.

Kwa hiyo sisi hatusemi "tuna ushahidi kwamba ni mtu, kwa hiyo usiue". Tunasema anastahili kuheshimiwa *kama* mtu tangu mwanzo. Na juu ya huyo binti: adhabu ya kutengwa na Kanisa, ile inayomshukia mtoa mimba yenyewe bila hukumu kutamkwa, haimpati ambaye hajatimiza miaka 18, wala aliyetenda kwa hofu kubwa. Tangu 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo wa kumwondolea dhambi hiyo yeyote anayetubu. Kumfungia mlango wa nyumba hakumo katika kanuni yoyote niliyofundisha.

---

Tumaini_Bado

Dada, nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Nitasema langu, na atakayetaka kunihukumu ahukumu.

Mimba yangu ya pili ilipofika nusu, kipimo kilionyesha mtoto hana fuvu la juu wala sehemu kubwa ya ubongo. Madaktari wawili tofauti walisema atakufa tumboni, au saa chache baada ya kuzaliwa. Tulikuwa tumeshampa jina. Nilikuwa namwimbia.

Niliamua mimba isiendelee.

Sikuamua hivyo kwa kuwa niliona si mtu. Kwa nini watu wanadhani ni lazima kwanza umvue mtoto utu wake ndipo ufike pale nilipofika? Nilimwona mtu, mtu wangu, na nikaona mwili wangu na mtoto wangu mkubwa aliyekuwa ananisubiri nyumbani, na nikaona miezi iliyobaki ambayo isingempa yeye chochote. Ustadhi amesema baada ya siku 120 ni maisha ya mama peke yake. Katekista angesema nibebe mpaka mwisho, na nawajua wanawake waliobeba, wakamshika, wakamzika, nao hawajutii. Nawaheshimu. Nisingependa mtu yeyote awalazimishe kufanya nilichofanya mimi.

Katika sheria ya Kiyahudi, Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, inasema mwanamke akishindwa kujifungua na maisha yake yakawa hatarini, mtoto anaondolewa ili mama aokoke, kwa kuwa uhai wake unatangulia. Lakini kichwa kikishatoka haguswi, kwa sababu hapo ni uhai kwa uhai. Nimelitaja hilo kwa sababu lilinisaidia kuona kwamba hata watu wa Mungu walikaa wakapima uhai mbili, hawakupima mmoja tu.

Swali lako, kama ni mtu au si mtu, haliamui yote. Hata tukikubaliana leo ni mtu tangu siku ya kwanza, bado kuna swali la nani anaweza kulazimishwa kumbeba mtu mwingine ndani ya mwili wake, na kwa gharama gani. Hilo swali nalo ni la kiadili. Wanaolikwepa ni wale ambao halitawafikia kamwe.

---

Katekista_Mstaafu

Tumaini, umesema kweli kuhusu nitakachosema, nami sitakificha: mafundisho yetu yangekuambia umbebe. Lakini nimekaa na wazazi waliopitia hilo, na najua sijawahi kulibeba mimi. Jina ulilompa na likumbukwe.

---

Nuruyangu (mwanzisha mada)

Asanteni. Nimesoma na mume wangu, na jana usiku nilimpigia baba mdogo. Nilimuuliza kuhusu nifasi. Alinyamaza, kisha akasema, "Ndiyo mwanangu, wewe umezaa." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Tumaini, pole sana. Nilikuja hapa na vikapu viwili, mtu na si mtu, na wewe haukuingia kwenye kimoja. Sijui kama ningefanya ulichofanya. Nadhani nisingefanya. Lakini siwezi kukuita jina lile ambalo mama alimwita yule binti.

Mzee wangu Katekista, shikamoo. Nimekuelewa na bado kuna mahali nakukatalia, naomba unisamehe. Mnasema hamna hakika ni lini roho inaingia, na kwa sababu ya shaka hiyo mtu asithubutu. Sawa, naikubali hoja ya mwindaji, na ndiyo sababu mimi mwenyewe nisingetoa mimba. Lakini shaka ni ile ile. Iwapo inatosha kumwita yule binti mbele ya watu kuwa ameua, ilitosha pia kuniwashia mshumaa mmoja kanisani. Mbona ilitumika kwake na kwangu ikakosekana? Shaka inayofanya kazi upande wa adhabu tu, upande wa maombolezo inalala, mimi nasema hiyo si kumheshimu mtoto. Kama tungekuwa tunaamini kweli tunachokisema, kila mwanamke ambaye mimba yake imetoka angekuwa na misa, na kina mama wangekuja na khanga zao kukaa naye. Hatufanyi. Basi ama tuanze kufanya, ama tupunguze sauti tunapowasema wengine.

Na Ustadhi, hilo nakuambia na wewe pia. Ngamia watano umenitajia, lakini fidia ile ni ya aliyepigwa jiwe. Anayeharibikiwa bila kupigwa na mtu, jamaa wanamfanyia nini?

Swali la mwisho la kiutendaji: mwili haupo tena. Je, naweza bado kuomba ibada?

---

Abu_Twaha

Umeniuliza vizuri. Hakuna fidia, lakini kuna ta'zia: kumwendea aliyefikwa, kumpa mkono, kumpikia. Ibn Majah amepokea riwaya ya mimba iliyotoka kumvuta mama yake kwa kitovu hadi Peponi akiwa amesubiri na kutarajia malipo. Wapo wanaoidhoofisha sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini wanazuoni hawakuacha kuwaliwaza kina mama kwayo. Kutokuja kwetu kukaa na wewe si hukumu ya sheria, ni uzembe wetu. Nitalisema Ijumaa.

---

Katekista_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Juu ya shaka umenibana, na sina la kukujibu isipokuwa kwamba una haki.

Ibada, ndiyo. Kutokuwepo mwili si kizuizi. Misa inaweza kuadhimishwa kwa nia ya mtoto na kwa ajili yenu wazazi, na ipo pia baraka maalumu ya wazazi ambao mimba imeharibika. Usipitie kwa kiongozi wa jumuiya, nenda moja kwa moja kwa paroko, wewe na mumeo pamoja, na mtaje kanuni ya 1183 kifungu cha 2. Ikibidi yeye ndiye atakayeomba ruhusa kwa askofu. Kama mlishampa jina, lipelekeni.

---

Nuruyangu (mwanzisha mada)

Tulimpa. Tutaenda Jumanne. Nimemwomba mama aje, na nimemwambia nitamwalika na yule binti. Bado hajanijibu.